Chaguo la Tatu

Baba yake alikuwa amekwisha kuchagua kabla Nyangoma hajafika hospitalini.

Alimkuta katika ukumbi wa hewa, ameketi kwenye kiti cha kuegemea karibu na dirisha, mrija puani, koti lake kuukuu la idara ya barabara limefungwa vifungo mpaka shingoni. Wagonjwa wa kifua walipangwa kwenye viti kama hicho kuuzunguka ukumbi mzima, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na mabomba ya oksijeni yalipita ukutani juu ya vichwa vyao. Kule chini, ng'ambo ya ukuta wa mawe, ziwa lilikuwa limeilalia mitaa ya zamani. Bunere ya sasa ilijengwa mlimani baada ya maji kupanda, na hospitali ndiyo iliyotangulia nyumba zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

Hakuwa na pumzi ya maneno mengi. Mzee Mafuru Bwire alikuwa dereva wa greda. Alichonga barabara za kwenda machimboni tangu ujana wake mpaka siku ya kustaafu, na vumbi alilolivuta huko lilikuwa limegeuka jiwe ndani ya mapafu yake. Nyangoma alijua hali ni mbaya. Ndiyo sababu ya kupanda ndege ya asubuhi kutoka Dodoma. Asichokijua ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuamuliwa.

Muuguzi, Sista Restituta, alikuja na kishikwambi mkononi. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye macho ya mtu aliyechoka.

"Wewe ndiye binti yake? Afadhali umefika. Mzee tunamruhusu kesho. Amechagua mwenyewe."

Akamgeuzia kioo. Yaliandikwa maneno ambayo Nyangoma alikuwa ameyaona mara nyingi mno kazini: MGONJWA AMECHAGUA KWA HIARI YAKE. Chini yake: Kupumzishwa nyumbani. Na chini kabisa, alama ya kidole gumba cha baba yake.

Nyangoma alifanya kazi Wakala wa Hiari, ofisi iliyoimiliki fomu ile. Ilikuwa sheria ya nchi: hakuna mgonjwa kutibiwa, wala kuachwa bila tiba, mpaka achague kwa kidole chake mwenyewe. Sheria hiyo ilipopitishwa watu walicheza ngoma mitaani, kwa maana kabla yake mashine za hospitali ndizo zilizokuwa zikiamua nani atibiwe nini.

"Baba, ni wewe uliyechagua hili?"

"Yalikuwa mawili," mzee alisema. "Kupumzishwa hapa, au kupumzishwa nyumbani. Nikasema nyumbani. Nani anataka kufia kwenye godoro la nailoni?"

"Na kuoteshewa pafu?"

"Kuoteshewa nini?"

Sista Restituta alikishusha kishikwambi chake, akakibana kwapani.

Sauti ikatoka upande wa wanawake. "Mzee, kwani wewe hukuliona la tatu?"

Aliyesema alikuwa mwanamke kijana aitwaye Bhoke Marwa. Mikono yake ilikuwa na makovu ya mtu aliyeponda mawe ya dhahabu tangu utotoni, na kifua chake kilikuwa na vumbi lile lile la Mzee Mafuru. Alizungumza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache.

"Mimi yangu yalikuwa matatu. La tatu ni kuoteshewa pafu kwenye kitalu. Wanakukata kinyama kidogo chako mwenyewe, wanakipanda, kinaota pafu zima. Nimeambiwa nijibu kabla wiki haijaisha. Namsubiri mume wangu atoke mgodini, tuzungumze."

Mzee Mafuru alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia binti yake.

"Kwa hiyo lipo."

"Lipo, baba."

"Na mimi sikuulizwa."

"Uliulizwa, mzee," alisema Sista Restituta kwa sauti ya chini. "Ila..."

Hakuimaliza sentensi yake. Nyangoma akachukua mkoba wake wenye kompyuta na kutoka nje.

* * *

Kantini ya hospitali ilikuwa na benchi chini ya bati. Aliagiza chai, hakuinywa. Akafungua kompyuta, akaingia kwenye mfumo wa ofisi yake.

Fomu ya Hiari ilikuwa na maswali mengi, lakini roho yake ilikuwa swali moja: *Unachagua nini?* Chini ya swali hilo hapakuwa na majibu. Aliyeitunga fomu aliacha kisanduku kitupu, kwa makusudi. Majibu yalizaliwa pale pale mgonjwa alipoifungua: msimbo wa kompyuta ulimtazama yeye ni nani, ukatazama yuko hospitali gani, ukamtengenezea orodha yake peke yake na kuimwaga ndani ya kisanduku. Mgonjwa wa pili akifungua, orodha ilikuwa nyingine. Kulikuwa na sababu nzuri. Zahanati isiyo na mashine ya figo haiwezi kumwonyesha mtu mashine ya figo. Dawa ikiisha ghalani, chaguo lake linaondoka, ikiletwa, linarudi. Nyangoma mwenyewe aliutunza msimbo huo kwa muda mrefu, na ulikuwa na sharti moja tu: kitu kiwepo.

Kisha akahamishiwa kazi ya kuiweka fomu katika Kijita, Kikurya na lugha nyingine za kanda, na kisanduku kikachukuliwa na watu wa ofisi ya mkurugenzi.

Sasa alikuwa akikisoma upya. Sharti lake la zamani lilikuwapo bado, limebaki juu kama jina la marehemu kwenye mlango. Chini yake yaliongezwa mengine. Umri wa mgonjwa. Miaka anayotarajiwa kuishi. Umbali kati ya nyumba yake na kliniki. Hayo angeweza kuyabishia mezani, watu wakitazamana, na pengine angeshindwa kwa hoja. Lakini sharti la mwisho lilimfanya asimame, akakaa, akalisoma tena.

*Uwezekano wa kuuliza.*

Ilikuwa alama. Mfumo uliikokotoa kutokana na mambo madogo madogo. Je, mtu huyu amewahi kuandika malalamiko popote? Amewahi kudai daktari wa pili? Ana ndugu wa karibu aliye mwanasheria, mwandishi wa habari, mtumishi wa serikali? Akipewa kitu cha kusaini, hukisoma kwa muda gani? Mwenye alama ya juu alionyeshwa kila kilichopo. Mwenye alama ya chini alipunguziwa.

Alitafuta ya baba yake. Ilikuwa chini kabisa ya kipimo.

Na kwa nini isiwe? Mzee Mafuru hakuwahi kumlalamikia mtu. Greda lilipomkata vidole, alifunga kitambaa, akamaliza kipande cha barabara alichopangiwa. Mahali pa ndugu wa karibu aliliandika jina la mkewe, na mkewe alipofariki hakulifuta. Alisema mkono haukutaka. Basi mfumo ukaona mtu mpweke, mvumilivu, anayesaini haraka. Ukamwondolea pafu. Haukulikata kwa mstari wala kuandika kwamba halipatikani. Haukulitaja tu, na kisichotajwa hakidaiwi.

Mama wa kantini alimuuliza kama chai ina kasoro.

"Haina, mama," alisema Nyangoma. Sauti yake ilitoka kwa ukali ambao mwanamke yule hakuustahili.

* * *

Mkurugenzi wa Wakala, Dkt. Rwegoshora, aliipokea simu akiwa ofisini kwake Dodoma, uso wake umekijaza kioo cha simu. Ndiye aliyemwajiri Nyangoma. Kabla ya kuongoza ofisi alikuwa daktari wa mapafu, na si daktari mbaya.

"Nyangoma. Nimesikia habari za mzee. Pole sana."

"Nani aliweka uwezekano wa kuuliza?"

Alivua miwani yake, akaiweka mezani taratibu. "Nani kakupa ruhusa ya kufungua sehemu ile?"

"Nimeuliza nani aliweka."

"Mimi." Hakuinamisha macho. "Nisikilize kabla hujanihukumu. Vitalu vya kanda nzima unavihesabu kwa vidole. Wanaovihitaji wanajaza uwanja wa mpira. Mtu akionyeshwa chaguo akaliwekea kidole, sheria inanilazimisha nimpe. Nami sina cha kumpa. Ulitaka nifanye nini?"

"Umwambie hapana."

"Umewahi kumwambia mtu hapana ya namna hiyo? Mimi nimewahi. Nimemwambia mama aliyekuja na mtoto mgongoni. Nimemwambia mwalimu wangu mwenyewe wa sekondari. Nilifanya hivyo mpaka nikawa sikai mezani na watoto wangu, kila nikiwaangalia naona nyuso za watu. Sasa nenda kwenye korido za hospitali zetu. Hakuna anayelia. Wanarudi nyumbani kwa amani."

"Wanarudi hawajui."

"Hiyo ndiyo amani yenyewe, binti yangu."

"Usiniite binti yako. Na wanaojua kuuliza, wao wanapewa. Kwa nini?"

"Kwa sababu wanaojua kuuliza wanakwenda mahakamani, kesi inafunga vitalu mwaka mzima, na wanakufa hata wale niliokuwa nawaokoa. Mimi nalinda vitalu."

"Unajilinda wewe. Umetafuta watu wasio na wa kuwasemea, ukawahesabu mmoja mmoja, ukawaandikia kwamba wamechagua kufa. Kwa vidole vyao. Ungewaua tu ukaacha vidole vyao."

Dkt. Rwegoshora alisogeza kiti chake karibu na kioo. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa laini, na Nyangoma aliichukia zaidi hiyo.

"Naweza kuifungua upya fomu ya mzee. Kesho mchana ataona machaguo matatu. Sitaki chochote kwako. Ni baba yako, nami ni mtu kama wewe."

"Na nani anatoka?"

"Nyangoma."

"Nani anatoka?"

"Bunere ina nafasi moja kwa sasa. Yupo mama mmoja aliyeonyeshwa na hajajibu. Lake litaondoka."

"Atakapofungua ataona mawili."

"Ataona mawili. Atadhani mara ya kwanza aliona vibaya." Alivaa miwani yake. "Huwa wanadhani hivyo."

Nyangoma alipaswa kukata simu hapo. Baadaye, katika hasira zote alizokuwa nazo, iliyomchoma zaidi ilikuwa hii: kwamba hakuikata. Alisema, "Nipe mpaka kesho mchana," na akamsikia mkurugenzi akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

* * *

Jioni ile, kabla wageni hawajaondolewa wodini, alimweleza baba yake kila kitu. Alitarajia kwamba atapaza sauti. Mzee hakuwa na pumzi ya kupazia.

"Hebu niambie," alisema. "Miaka yote nawaambia watu binti yangu ana kazi Dodoma. Kazi yako ni nini hasa?"

"Natengeneza fomu, baba. Ile sehemu ya kuchagua. Mtu akifungua, msimbo unampangia vya kuchagua."

"Yaani mnapanga meza. Nyama mnaificha uvunguni, mboga mnaiacha mezani. Halafu mnamwambia mgeni, karibu, kula unachotaka."

"Si mimi niliyeficha."

"Sijasema ni wewe. Nimeuliza kazi yako."

Nyangoma aligeuza macho pembeni. Upande wa pili wa ukumbi Bhoke alikuwa amesinzia, mdomo wazi, mkono mmoja umeshika mrija wake kana kwamba mtu angemnyang'anya.

"Baba, kesho wakikufungulia, uweke kidole. Nakuomba."

"Cha yule mama?"

"Hakijawa chake bado. Hajajibu."

Mzee Mafuru alimtazama. Nyangoma alikuwa ameyaona macho yale mara moja tu maishani, siku alipomwibia jirani yai akiwa mtoto mdogo.

"Nyangoma, mimi kufa sikukatai. Nimezika baba, nimezika mama yako, najua njia ilipo. Na pafu nalitaka. Usidhani silitaki, nalitaka kama mtu mwingine yeyote, hata zaidi, maana mimi najua langu limeharibikaje. Ninachokataa ni kuambiwa nimechagua. Sikuchagua. Wameninyima, halafu wamenishika kidole nisaini kwamba sikutaka. Hicho ndicho kinachoniuma, kuliko hiki kifua."

Akakohoa. Kikohozi kilichukua muda kupita.

"Wewe una ufunguo wa hiyo meza?"

"Ninao. Wataniondolea, ila leo ninao."

"Basi usiniletee nyama ya wizi," alisema baba yake. "Kiondoe kitambaa, watu waone."

* * *

Nyangoma hakuwa na vitalu vya kugawa, na alilijua hilo vizuri. Alichoweza kukigusa kilikuwa kisanduku.

Asubuhi alikaa tena kwenye benchi la kantini. Hakufuta sharti hata moja. Umri aliuacha, umbali aliuacha, alama ya kuuliza aliiacha. Alibadili kitu kimoja: pale ambapo msimbo ulikuwa ukilitupa chaguo nje ya orodha, sasa uliliacha mahali pake, likawa linasomeka lakini halibonyezeki, na ukaandika pembeni sababu ya kulitupa kwa maneno ya kawaida, katika lugha ya mgonjwa, pamoja na jina la aliyeamua. Fomu aliitafsiri mwenyewe katika lugha hizo, kwa hiyo maneno hayakumpa tabu. Mwishoni aliweka kitufe kimoja kipya: *Sikubali*.

Alifikiria kumngojea mtu amkataze. Kisha akairusha kwenye seva, na ikaenea hospitali zote za kanda.

Aliporudi ukumbini, Sista Restituta alikuwa amesimama katikati, kishikwambi mikononi. Kwenye kila kiti kulikuwa na kioo kidogo, na vioo vyote vilikuwa vimejifungua upya, kama ilivyokuwa kawaida orodha zilipobadilika. Mwanzoni watu hawakuelewa. Mzee mmoja alimwomba mkewe amsomee. Mama yule alisoma kwa Kikurya, akifuata maneno kwa kidole.

"Kuoteshewa pafu. Lipo. Hukuonyeshwa kwa sababu una miaka mingi, unakaa mbali, na unaonekana hutauliza. Aliyeamua: Dkt. S. Rwegoshora."

"Soma tena," mumewe alisema.

Akasoma tena.

"Unaonekana nini?"

"Hutauliza."

Hakuna aliyepiga kelele. Nyangoma alikuwa amejiandaa kwa kelele, na kimya kile kilimtisha zaidi. Watu walisomeana, kiti kwa kiti. Kisha mzee yule akauchomoa mrija puani, akasimama, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, akisema kwamba anakwenda kuuliza. Walimfuata wengine. Wasioweza kusimama waliweka vidole kwenye *Sikubali*, na mlio mdogo wa kila kidole ukawa unasikika ukumbi mzima, mmoja baada ya mwingine. Mzee Mafuru aliweka chake kwa nguvu, kama anabandika muhuri.

Simu ya mkurugenzi haikuchelewa. Kabla jua halijazama, funguo za Nyangoma zilikuwa zimefungwa na msimbo wa zamani umerudishwa. Lakini sheria ya hiari ilikuwa na kifungu ambacho hakuna aliyekikumbuka: lolote alilokwisha kuonyeshwa mgonjwa haliwezi kufutwa kwenye kumbukumbu zake. Kanda nzima ilikuwa imeonyeshwa. Wiki ile ile watu walikaa kwenye ngazi za hospitali, mji hadi mji, na mahakama ikaamuru vitalu vyote visimamishwe mpaka mapingamizi yasikilizwe.

Vitalu vyote. Na kile cha Bunere.

Bhoke alimwita Nyangoma siku ambayo amri ilitangazwa. Mumewe alikuwa amefika, kijana mrefu mwenye vumbi kwenye nyusi, amesimama nyuma ya kiti.

"Niliweka kidole juzi," Bhoke alisema. "Walikuwa wanikate kinyama leo. Sasa wanasema hakuna kupanda."

"Najua."

"Unajua." Alivuta hewa. "Wewe una hasira zako, na una haki nazo, sikatai. Mimi nina watoto watatu. Hasira zako umezilipia kwa pafu langu."

Nyangoma alitaka kumwambia kwamba pafu lile lilikuwa karibu liondolewe kimyakimya, kwamba angeamka akaona mawili na kudhani macho yake yamemdanganya. Angeweza pia kumwambia nani alitakiwa kulipata. Maneno yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa na faida kwa mtu anayehesabu pumzi.

"Nilijua linaweza kutokea," alisema. "Nikafanya hivyo hivyo."

"Basi usije tena upande huu," Bhoke alisema, akageuza uso wake ukutani.

* * *

Wakala ulimfukuza Nyangoma kazi na kumfungulia kesi. Alibaki Bunere nyumbani, akimwogesha baba yake, akimpikia uji, akibadilisha mitungi ya hewa. Mvua zilikuja zikaondoka. Mzee alikonda mpaka koti lake la barabara likawa kama limetundikwa kwenye msumari.

Mahakama ilipotoa uamuzi wake, haikumpa kila mtu alichotaka. Vitalu havikuongezeka kwa sababu ya hukumu. Sharti la kuuliza lilifutwa. Mengine yaliachiwa baraza litakaloketi hadharani. Lakini majaji waliongeza jambo ambalo hakuna aliyeliomba: kumnyima mgonjwa tiba iliyopo kusiwe halali mpaka aliyeamua kunyima amfikie mgonjwa huyo, alipo, na kumwambia kwa mdomo wake.

Na kwa mapingamizi yote yaliyowekwa siku ile, jina la aliyeamua lilikuwa moja.

Gari la Dkt. Rwegoshora lilishindwa kupanda mlima, kwa hiyo alifika kwa miguu, viatu vimejaa tope, akiwa na karani wa mahakama aliyebeba kishikwambi. Nyangoma alimwona kutoka mlangoni. Alikuwa amezeeka. Kwa muda alifikiria kumfungia mlango.

"Mkaribishe," baba yake alisema kutoka kitandani.

Walimpa kigoda. Aliketi, akasugua magoti yake, akatazama sakafu, akatazama mtungi wa hewa. Karani alifungua kishikwambi.

"Mzee Mafuru," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyeamua. Tiba ya pafu ipo. Hatutakupa wewe. Baraza limeketi na limekubaliana nami, kwa sababu ya umri wako na hali ya moyo wako. Nafasi ya hapa amepewa mama mmoja."

"Bhoke?"

"Ndiyo. Kitalu kimeanza wiki hii. Amechelewa sana, hatujui kama atafika."

Mzee Mafuru alifumba macho. Nyangoma aliushika mguu wake juu ya shuka. Ulikuwa wa baridi.

"Sawa, nimekusikia," mzee alisema. "Sasa mwambie huyo karani aandike. Aandike kwamba nililitaka. Aandike kwamba umeninyima. Na aandike kwamba sikukubali."

"Baraza lina sababu, mzee. Ukizisikia pengine..."

"Sababu zako ninazo, nimezisoma. Pengine ni nzuri. Andika kwamba sikukubali."

Karani aliandika. Mzee akataka asomewe, akasomewa, akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo. Kisha akaugeuzia ukuta uso, na Dkt. Rwegoshora akabaki na kigoda chake katikati ya chumba, hana la kufanya na mikono yake.

Nyangoma alimsindikiza mpaka njiani, si kwa heshima, ila hakutaka asimame uani kwao. Penye kona daktari alisimama mwenyewe na kushika ukuta wa jirani. Alikuwa akihema kama mmoja wa wagonjwa wake.

"Orodha inaendelea mpaka ng'ambo ya ziwa," alisema. "Wengine nimewakuta wamekwisha kuzikwa. Nikawaambia watoto wao. Yupo aliyenitemea mate." Alifuta uso kwa kiganja. "Sijui kama nitaweza, Nyangoma. Hakuna mtu anayeweza kazi hii."

Aliinua macho, akamtazama Nyangoma. Labda alitaka aambiwe kwamba inatosha, arudi Dodoma. Nyangoma alikuwa amembeba baba yake chooni asubuhi ile, na alikuwa amehisi mbavu zote kwenye mikono yake.

"Nyumba inayofuata ni ile ya bati jekundu," alisema. "Mama wa pale hasikii vizuri sikio la kushoto. Sema kwa sauti."

Akarudi ndani kubadilisha mtungi.